Mwaka wa Kupita Safi

Elibariki alisimama kuzungumza kwenye msiba wa mume wangu akiwa amevaa koti la kampuni yake ya utalii, lenye picha ya kifaru mgongoni. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, tumekaa kwenye mkeka, dirisha liko wazi, na upepo wa Ganako ulikuwa unaleta maneno upande wetu, kwa hiyo nilimsikia kuliko hata waliokaa mbele yake chini ya turubai. Alisema alimfahamu Paskali tangu ujana wao, enzi za chumba cha gemu pale Karatu mjini. "Ndugu zangu, tulikuwa na gemu moja la kunyatia. Unaingia kwenye jengo la adui, unachukua ulichofuata, unatoka. Sisi wengine tulikuwa tunabahatisha. Marehemu alikuwa anapita safi. Haonekani, hagusi mtu, haachi alama. Na ndivyo alivyoishi." Watu wakaguna kwa kukubali. Mzee wa kanisa akasema amina. Shangazi yake Paskali, aliyekuwa ameshika mkono wangu, akaninong'oneza, "Umesikia wanavyomsifia mwanetu?" Nilisikia. Nikatazama sakafu, maana mjane akitazama sakafu hakuna anayemuuliza anawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba huyu anayemsifia ndiye aliyekaa mwaka mzima akimwambia kwamba hajui kucheza.

Mwaka ninaousema ni ule ambao magreda yalikuwa yanachonga barabara ya lami kuja kwetu, na vumbi jekundu lilikuwa linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Chumba cha gemu kilikuwa cha mjomba wake Elibariki, mtu wa Machame ambaye mji mzima ulimwita Mangi kama wanavyoitwa wenye maduka wote wa kutoka Kilimanjaro. Mbele alikuwa na mgahawa wa meza tatu, na humo nilikuwa napika mimi: chai ya tangawizi, chapati, na makande mchana. Nyuma, ukishavuka pazia, ndipo palipokuwa na televisheni na mashine ya gemu. Kati ya jiko langu na chumba kile palikuwa na ukuta wa hadibodi uliokatwa dirisha dogo la kupitishia vikombe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la saba, na karibu kila ninachokijua kuhusu wanaume nilikisikia kupitia dirisha lile.

Vijana walikalia mabenchi na makreti ya soda. Kiti cha maana kilikuwa kimoja tu, kiti cha mbele cha gari la watalii lililokufa, ambacho Mangi alikifunga juu ya mbao, na mkanda wake bado ulikuwepo. Hakikukaliwa na yeyote tu. Kilikuwa cha wasafi. Elibariki ndiye aliyeanzisha neno hilo na ndiye aliyekuwa msafi wa kwanza. Kwenye gemu lile mtu wako alikuwa amevaa nguo nyeusi, na walinzi wanazunguka na tochi, na ungeweza kupita namna nyingi: ungeweza kuwapiga risasi wote, ungeweza kuwakaba mmoja mmoja ukawaficha uvunguni, ungeweza kujibanza ukasubiri wapite. Mashine haikumkataza mtu. Ukifika mlangoni mlango unafunguka, steji inayofuata inaanza. Lakini kwa Elibariki aliyeua alikuwa mchinjaji, aliyeonekana alikuwa mshamba, na aliyepita bila kuonekana wala kugusa mlinzi hata mmoja ndiye mchezaji. Wakati huo alikuwa ameanza kufuatana na madereva wa watalii kushuka kreta ya Ngorongoro ili ajifunze kazi, na kila akirudi alikuwa na mahubiri mapya. "Kule hushuki kwenye gari, hupigi kelele, hugusi kitu, huachi kitu. Mnyama hajui kama ulikuwepo. Huo ndio ustaarabu, mnanielewa?" Wakawa wanamwelewa. Akipita safi alikuwa anafunga mkanda wa kile kiti, kana kwamba gari linaondoka.

Paskali alikuwa akifanya kazi kwenye gereji iliyopakana na ukuta wetu, akipaka grisi magari ya wageni. Alikuwa mtoto wa huku Ganako, kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Ngorongoro. Mahindi yakianza kubeba, tembo wanashuka, na watoto wote wa huku wamekua wakipiga madebe. Hakuna kinachookoa shamba zaidi ya kelele, na hakuna kinachomwokoa mtu pia, kwa sababu tembo asiyekusikia anakukanyaga. Basi Paskali alicheza gemu la kunyatia kwa namna hiyo hiyo. Aliingia kwenye jengo la adui kama mtu anayeingia mnadani. Anagonga ukuta. Anagonga tena. Mlinzi akija kuona kuna nini, yeye ameshazunguka anagonga bomba upande wa pili. Walinzi wote wanakimbilia kona moja, wanagongana, na yeye anapita mlango wa mbele. Mara nyingi walimwona wakamfyatulia, naye alikimbia akicheka, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kana kwamba ndiye yeye anayekimbizwa. Hakuwa anaua. Kuua kulimchosha, alisema. Ni kama kuchinja kuku wa watu.

"Debe!" Elibariki alikuwa anamwita. "Unafukuza nyani huko?"

"Nafukuza tembo. Nyani wamekaa hapa nyuma yangu wananiangalia."

Chumba kizima kilicheka, hata mimi huku jikoni, na chapati ikaungua.

"Aisee, hili ni gemu la kunyatia. Kunyatia! Wewe unapiga ngoma."

"Mlango si umefunguka?"

"Umefunguka, lakini umepita uchafu."

"Kaka, mlango haujui uchafu."

Siku hizo nilikuwa nafika asubuhi kabla ya watu, na Mangi aliniruhusu kuwasha mashine nikimaliza kufagia. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nacheza, ila sikuwahi kuvuka steji ya kwanza, na wala sikutaka. Kulikuwa na kabati moja karibu na chumba cha walinzi. Nilimwingiza mtu wangu mle, nikafunga, nikawa nawasikiliza walinzi wakizungumza. Kiingereza chao sikukielewa. Nilipenda tu kwamba wanazungumza, wanakohoa, mmoja anapiga miayo, na hawajui kuna mtu anawasikiliza. Asubuhi moja Elibariki aliwahi kufika akanikuta. Mpaka mchana ilikuwa imeshakuwa kichekesho: "Vero anaishi kabatini! Vero mleteeni na godoro!" Paskali ndiye pekee aliyekuja dirishani, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, akauliza kwa sauti ya chini, "Huwa wanasema nini?" Nikamwambia huyu mrefu anamweleza mwenzake kwamba mkewe amerudi kwao. "Na mwenzake anasemaje?" Anasema ampelekee shemeji zake mbuzi. Alicheka kile kicheko chake, akarudi gereji, na kesho yake asubuhi akaja mapema kuuliza kama yule mke amerudi. Tukawa na walinzi wetu. Wake zao walipata mimba, wenyewe walipata mafua, walidaiana. Nilikuwa namsikia akifika tangu akiwa mbali, maana alikuwa anagonga kila mlango aliopita, na mabati ya uzio wa gereji, na mwisho ukuta wangu. Ukuta wangu aliugonga mara mbili. Nilikuwa nimeanza kumwekea chapati pembeni.

Karibu na mavuno ndipo Elibariki aliporudi na habari kutoka Arusha. Huko kulikuwa na chumba kikubwa cha gemu, televisheni nane, na wenyewe wamekubali vijana wawili wa Karatu waende kupambana nao kwenye gemu la kunyatia. Yeye atakuwa wa kwanza. Nafasi ya pili iko wazi kwa yeyote atakayepita steji ya kiwandani, ile ngumu kuliko zote, safi. Paskali aliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Hakuniambia sababu kwa maneno marefu. Alisema tu, "Hawa watu nawatengenezea magari yao, Vero. Wanapanda, wanaondoka. Mimi sijawahi kwenda mahali nikaambiwa ni wa kwao." Na kwamba yeye ndiye bingwa wa steji ile kila mtu alijua. Alikuwa ameshaivuka mara nyingi, akicheka, walinzi wote wakimfuata nyuma kama arusi. Lakini hizo hazikuhesabiwa.

Akaanza kujifunza. Nilikuwa naona kupitia dirisha, siku baada ya siku. Kwanza aliacha kugonga kuta. Halafu mguu wa kulia ukatulia. Halafu akaacha kujibu anapotaniwa, kwa sababu kujibu kulimpotezea umakini. Akija asubuhi hakuuliza tena habari za walinzi wetu. Aliniomba nisogee kidogo, akakaa, akacheza na sauti ameizima ili asikie vizuri hatua alizokariri kichwani. Elibariki alikuwa anasimama nyuma yake akimsahihisha, na lazima niseme kweli, alimsahihisha kwa upole, kama mwalimu. Tatizo ni kwamba kila Paskali alipofika, mstari ulikuwa umeshasogezwa. Mwanzoni alimwambia kwake yeye kutoua kutatosha. Alipoacha kabisa hata kumsukuma mlinzi, ikawa kutoonekana. Alipoacha kuonekana, ikawa usihifadhi gemu katikati, ucheze steji yote kwa pumzi moja. Alipoweza hilo, Elibariki akasema mchezaji wa kweli hatumii hata ile darubini ya kuwaonea walinzi kwa mbali. Nilimuuliza Godi, rafiki yake Elibariki aliyekuwa naye kila mahali, hizo sheria zimeandikwa wapi. Godi hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Dada Vero, haziandikwi. Mtu anazijua au hazijui." Nikampa chai yake.

Jumapili ya kupima walijaa baada ya ibada, wengine wakiwa bado na makoti ya kanisani. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na vioo vya mgahawa vilikuwa vinatiririka maji. Nilimimina vikombe nikavipanga kwenye dirisha, havikuchukuliwa, vikapoa. Paskali alikaa kwenye kreti na pedi ya gemu mapajani, akacheza kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Kuna mahali mlinzi alisimama ghafla akageuza tochi, na yule mtu wa nguo nyeusi alikuwa nyuma ya pipa, na tukakaa hivyo, sisi na mlinzi na pipa, mpaka Mangi mwenyewe akashika kifua. Tochi ikaondoka. Paskali hakufuta hata jasho. Alipofika mlango wa mwisho mashine ikaleta hesabu yake kwenye kioo: waliomwona, hakuna, waliokufa, hakuna. Mtu mmoja alipiga makofi, wakafuata wengine. Paskali akageuka akakitazama kile kiti cha gari. Sikukosea, alikitazama kiti kabla ya kumtazama Elibariki.

"Umepita safi," Elibariki alisema. "Siwezi kusema uongo mbele ya watu. Lakini ile ni njia yangu, kaka. Pipa ni langu, ngazi ni yangu. Umekariri. Arusha wakibadilisha kitu kidogo tu utarudi kwenye madebe yako. Mtu anazaliwa na utulivu, haukaririwi." Akamwangalia Godi. "Tutaenda na Godi."

Godi hakuwa amewahi kuvuka kiwandani kwa namna yoyote.

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja kile kicheko, au tusi, au pedi igonge ukuta, au angalau aulize mlango umefunguka haujafunguka. Ningefurahi hata angepiga kreti teke. Paskali alisema, "Sawa." Akakunja waya wa pedi taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, akaiweka juu ya mashine, akatoka kwa kupita kandokando ya ukuta bila kumgusa mtu hata kwa bega, na pazia halikutikisika. Nikaona Elibariki anamtazama akitoka, na kwa mara ya kwanza alionekana kumkubali.

Walienda Arusha kwa gari la mjomba na wakarudi siku ya pili yake wamenyamaza. Godi ndiye aliyenisimulia, akila makande. Kule hapakuwa na mtu anayecheza gemu la kunyatia. Televisheni zote nane zilikuwa za mpira. Walipouliza habari ya kupita safi, mtoto mmoja akawaambia, "Mabraza, hilo la zamani hilo," akawapa pedi wacheze mpira, wakafungwa. Kabla ya Krismasi na Mangi naye alikuwa amenunua CD ya mpira. Kelele za magoli zilijaa chumba kile, na kiti cha gari akakikalia yeyote aliyewahi. Sikusikia tena mtu akisema msafi wala mchinjaji. Sheria zile zote, pamoja na hasira na maringo yake, hazikumaliza mwaka. Paskali peke yake ndiye aliyebaki nazo. Jioni nyingine, wenye mpira wakishaondoka, alikuwa anamwomba Mangi aweke lile la zamani, anacheza peke yake, safi, bila sauti, na mimi nilikuwa naosha vyombo nikisikia tu vidole vyake kwenye pedi.

Nilimpenda mtu aliyekuwa anagonga ukuta mara mbili, nikaolewa na mtu ambaye sikumsikia akifika. Sisemi kwamba gemu ndilo lililomfanya hivyo; watu hubadilika kwa mambo mengi, na baadaye alipata shida nyingine kubwa kuliko ile. Nasema nilichokiona. Wanawake wenzangu walinionea wivu, na sitawaita waongo: mume asiyefoka, asiyelewa, anayekula kilichopo na kusema asante. Tukitofautiana alisema "Sawa," kwa sauti ile ile ya Jumapili ile, na ugomvi ukakosa pa kushika. Kwenye mikutano ya kijiji alikaa nyuma. Mahindi yakibeba na tembo wakishuka, waliopiga madebe ni mimi na watoto. Yeye alikuwa anasimama kwenye kona ya shamba na tochi, haiwashi. Kwenye nyumba yetu alizunguka na kopo la mafuta ya gereji akipaka bawaba zote, mlango wa mbele, wa chumbani, wa choo, mpaka geti la ng'ombe, ili asimwamshe mtu anapotoka kwenda kazini. Wageni walisema nyumba hii ina raha. Mara moja, watoto walipokuwa wadogo, niligonga ukuta wa jikoni mara mbili nione kama atajibu. Akaja akauliza kama kuna panya.

Ugonjwa wake alikaa nao hivyo hivyo. Daktari aliniambia nikiwa nimesimama kwenye korido kwamba uvimbe ule wa tumboni ulikuwa wa muda mrefu, kwamba lazima alikuwa na maumivu makali, kwamba haiwezekani mtu anayelala naye asijue. Alinitazama kama mke mzembe. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kulikuwa na steji moja ya kiwandani? Nilirudi kitandani kwa Paskali nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa amekonda, macho makubwa. Alisema hakutaka kunisumbua. Nikamwambia, "Ungenisumbua." Akatabasamu, akasema, "Sawa, Vero," na hilo ndilo neno alilobaki nalo mpaka mwisho.

Msiba ulipokwisha, Elibariki aliingia ndani kuniaga. Amenenepa, na mvi zimemkaa vizuri. Aliinama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na machozi yake yalikuwa ya kweli, nayo nayaandika kama nilivyoyaona. "Pole sana, shemeji. Nimesema kidogo, lakini nimesema kutoka moyoni."

"Hakuwa hivyo," nikamwambia.

"Nani, shemeji?"

"Paskali. Alikuwa na kelele. Wewe ndiye uliyemwita Debe."

Akakunja uso akitafuta. Nilimwona anatafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko ya koti alilovaa miaka mingi iliyopita, na nikajua hakuna kitu humo. "Debe?" alisema. "Aisee, hapana, shemeji. Labda unamchanganya na mwingine. Paskali alikuwa msafi wetu wa kwanza." Akanipapasa bega, akatoka, na gari lake likawaka.

Mvua za masika zimepita tangu tumzike, na hakuna anayepaka bawaba. Mlango wa chumbani ndio ulioanza kushika kutu. Sasa ukiufungua unalia, mwanzoni kidogo, halafu kwa sauti, na mwanangu mkubwa alipokuja wiki iliyopita akaenda kuchukua lile kopo la baba yake. Nikamwambia aliweke chini.